Bei ya Simba wa Mlima

Masasi, 2 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo.

Kuanzia hapa Masasi mpaka huko Newala hajazaliwa dereva wa kunishinda mimi Fortunatus, na mama atakayemzaa bado hajaolewa. Nikiushuka mlima wa Newala na magunia yako ya mbaazi, nyani wanatoka porini wanakaa kando ya barabara kujifunza kona. Trafiki akiiona Fuso yetu anavua kofia. Juzi jogoo mmoja alisimama katikati ya njia akakataa kupisha. Nilipopiga honi, akataga. Usicheke, Shangazi, mashahidi ninao.

Niko salama, Fuso iko salama, na miwani yangu mipya myeusi nayo iko salama. Usiniulize nimeinunua kwa fedha gani. Kijana mwenye akili habanwi maswali.

Sasa lile uliloniagiza. Nilikwenda kwa Mama Ethel, yule Mmakua wa Chidya mwenye ofisi ya bima karibu na stendi, nikate upya bima kubwa ya lori kabla ya hii ya sasa kuisha tarehe thelathini na moja. Shangazi, bei imepanda karibu nusu ya ile ya mwaka jana! Nilishangaa, maana maswali yake yote niliyajibu kama mbunge. Nililisifia lori, nikamsifia dereva, mpaka ofisi nzima ikaacha kazi kunisikiliza. Nadhani mama yule anatuonea wivu sisi Wamakonde.

Shauri langu ni hili: tuachane na bima kubwa, tukate bima ndogo, ile rahisi, na kinachobaki tuandikie jina kwenye bodi la mbele kwa rangi nyekundu: SIMBA WA MLIMA. Lori lenye jina haligongwi.

Barua mpe Mohamedi, konda wa basi la asubuhi. Ananijua. Nani asiyenijua?

Mwanao,
Fortunatus, Simba wa Mlima


Mnyambe, 6 Oktoba 2024

Fortunatus,

Marahaba. Nimewasomea kuku wangu habari za jogoo wako, wanakupa pole.

Usinipigie tena simu kama ulivyofanya jana. Masikio yangu unayajua tangu zile dawa za malaria. Nikiweka simu sikioni nasikia nyuki ndani ya debe. Na meseji zako herufi zake kama mchwa. Mambo ya lori yaandike kwenye karatasi, niyasome mara mbili, niyalalie.

Bima ndogo sitaki. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga. Lori letu likilala korongoni, wewe utapewa pole na mimi nitabaki na matairi ya kukalia. Lori hilo ni korosho zangu za miaka na miaka, na kiinua mgongo cha marehemu mume wangu Erasto. Sina jingine. Tena unajua chama chetu cha msingi hakipakii korosho za wakulima kwenye lori lisilo na bima kubwa. Msimu umeshafika. Bila bima kubwa lori linakaa, na wewe unarudi huku kwenye jembe.

Ninachouliza ni hiki. Mwaka mzima hatukudai hata kioo. Lori ni lile lile, barabara ni ile ile. Bei haiumuki yenyewe kama andazi. Mama yule alikuuliza nini, na wewe ulimjibu nini? Niandikie neno kwa neno. Usipambe.

Mimi shangazi yako,
Scholastika, Mama Vitalis


Masasi, 10 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo sana.

Umetaka neno kwa neno, utalipata. Watu wanasema niliacha shule kidato cha pili. Si kweli, shule ndiyo iliyoniacha, mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Lakini kichwa hiki kikisikia jambo hakiliachii.

Niliingia ofisini nikakuta watu wamejaa, na yule binti Pili anayeuza vocha kakaa dirishani. Mama Ethel ndiye aliyeanza. Mimi sikumwanza.

"Wewe Mmakonde, umekuja kukata bima au kuchonga kinyago?"

"Mama wa Kimakua, nimekuja kukuposa. Bima ndiyo mahari."

Watu wakacheka. Na unajua mambo ya watani, Shangazi. Mtani akikurushia neno ukanyamaza, umeuaibisha ukoo mzima, walio hai na waliolala. Basi akachukua kalamu na karatasi.

"Dereva ana umri gani?"

"Ishirini na tatu, lakini usukani niliushika tumboni. Mkunga alinitoa nikiwa na gia mkononi."

"Leseni ya lori umeipata lini?"

"Mwaka jana. Ila kabla ya hapo nimeendesha bila leseni tangu ndevu hazijaota, na hakuna aliyejua."

"Ajali umewahi kupata?"

"Nimeviringika mara tatu, na mara zote nimetua kwa miguu kama paka. Ajali ndizo zinazoniogopa."

"Lori linalala wapi?"

"Popote usingizi unaponikuta. Juzi Tunduru, jana mpakani Mtambaswala, leo Mungu anajua."

"Linabeba nini?"

"Uliza lisichobeba. Korosho, saruji, mbuzi, petroli kwenye madumu, na watu wa ngoma ya jando juu ya hayo madumu, ngoma zikipigwa."

"Na mlima wa Newala unaushukaje?"

"Usiku, taa nimezima, nisiwasumbue waliolala."

Pili alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Ethel alikuwa anaandika huku anafuta machozi. Kisha akanisogezea kikaratasi chenye ile bei. "Hii ni bei ya huyo simba wako," akasema. "Kesho asubuhi njoo bila simba. Njoo na leseni."

Nilitoka kifua mbele. Kesho yake sikurudi. Wewe Shangazi niambie, mwanaume aliyejisifu vile mbele ya watu anarudije asubuhi kusema hapana, nilikuwa natania, lori letu linalala kila siku kwenye yadi ya Mzee Shamte, nyuma ya geti la chuma, na mlinzi, na mbwa, na tena haliendi kokote zaidi ya Newala na Masasi, mchana kweupe? Hayo ni maneno ya kusema mbele ya Pili?

Wako,
Simba


Mnyambe, 13 Oktoba 2024

Fortunatus,

Mara ya kwanza niliisoma barua yako nikacheka. Mara ya pili nikakaa chini.

Mwanangu, ulikwenda kununua ukajifanya muuzaji. Muuzaji ndiye anayemsifu jogoo wake: huyu haogopi kitu, anapigana na fisi, halali bandani. Mwenye bima hanunui jogoo. Yeye anaambiwa, nilindie jogoo wangu, akiliwa utanilipa. Sasa ukimwambia jogoo wako anapigana na fisi na halali bandani, akutoze nini?

Yote uliyojisifia ndiyo wanayoyaogopa. Umri wako peke yake wanauogopa, na leseni yako bado inanukia wino. Ukaongeza usiku, ukaongeza petroli, ukapandisha watu juu ya mzigo, ukaviringika mara tatu. Na vile vitu tulivyokuwa navyo vya kushusha bei, geti la Shamte, njia moja ya mchana, mwaka bila kudai, ukavificha kama kidonda! Tena kuna baya zaidi. Bima ikikatwa kwa maneno ya uongo, siku ya kuanguka watayafukua maneno yale na kusema lori hili silo tulilolikatia. Tutakuwa tumelipa na hatulipwi.

Mama yule alikwambia urudi kesho. Rudi leo.

Na sitakuficha. Nimezungumza na Bartholomayo, yule dereva mtu mzima wa hapa kwetu, anayeendesha kama kapakia mayai. Hajawahi kugonga hata kuku. Nimemwambia bima ikishindikana kwa jina lako, usukani anashika yeye, na wewe utakaa kiti cha kushoto umshikie chupa ya maji. Hupendi? Nenda kwa Mama Ethel.

Shangazi yako


Masasi, 28 Oktoba 2024

Shangazi mpenzi, shikamoo ya magoti yote mawili.

Nisamehe kwa kimya, kazi zimenizidi. Korosho zinashuka, na mimi nashuka nazo. Suala la bima liko mikononi mwangu, na mikono yangu unaijua. Mama Ethel nimemwona Jumanne. Hana kinyongo. Alinipungia mkono.

Kuhusu huyo Bartholomayo wako. Juzi nilimpita mlimani, akiendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Newala. Nilimpita kama kaegesha. Shangazi, nyuma yake kulikuwa na kobe anapiga honi! Ukimpa Fuso yetu, korosho za mwaka huu zitafika Masasi mwakani, tena zimeshaota majani. Halafu waulize madereva wote wa njia hii, lori gani linakunywa dizeli kidogo? Letu. Kwa nini? Hiyo ni siri ya mshika usukani.

Fundi Alfredi wa Newala ametufungia breki mpya wiki iliyopita. Lori sasa linashika kama kupe. Na watu wa chama walishaiona karatasi ya bima mwanzoni mwa mwezi, wanapakia bila kuuliza. Kwa hiyo lala usingizi, Shangazi. Mwenye Simba haogopi fisi.

Wako asiyeshindwa,
Fortunatus


Masasi, 1 Novemba 2024

Kwa Mama Vitalis,

Salamu katika Bwana. Mimi ni Ethel, wakala wa bima wa hapa Masasi. Tulionana mwaka jana ulipokuja kuikatia Fuso yako bima. Nimekupigia simu mara mbili, tukaelewana kitu kimoja tu, kwamba hatusikilizani. Ndiyo maana naandika.

Kijana wako alikuja mwezi uliopita, tukataniana kama inavyotakiwa. Katika yale aliyoyasema sikuandika hata moja. Nilikuwa nachora kuku kwenye karatasi. Mmakonde akijisifu unamwacha apoe, kama uji. Ile bei niliyompa ilikuwa ya huyo mtu aliyekuwa ananisimulia, na nikamwomba arudi kesho yake, yeye mwenyewe. Hakurudi. Jumanne ya wiki iliyopita alipita na lori mbele ya ofisi, nikampungia mkono. Akashusha miwani myeusi akatazama mbele kama sanamu.

Mambo yenyewe si makubwa. Umri wake unapandisha bei kidogo. Mlima nao unapandisha, na lori si jipya. Lakini nimepita mwenyewe jioni kwa Mzee Shamte nikaliona lori ndani ya geti. Linakwenda njia moja, halibebi watu, na tangu mmekata bima kwangu hamjadai kitu. Ukiyaweka yote pamoja, bei ya kweli iko chini kidogo ya ile ya mwaka jana. Hatukuwa na haja ya simba.

Lakini Mama Vitalis, bima ya zamani imekwisha jana. Lori lisitembee mpaka mkate nyingine. Mwambie wewe. Mimi akiniona anavaa miwani.

Ethel


Mnyambe, 2 Novemba 2024

Fortunatus,

Leo ni Siku ya Marehemu Wote. Nimetoka kanisani kumwombea Erasto, nikamkuta Mohamedi mlangoni na barua ya Mama Ethel. Bima imekwisha tangu juzi. Kumbe hukwenda.

Wapakiaji wanasema umeondoka hapa asubuhi na mzigo wa chama, wala hukupita nyumbani. Sasa najua kwa nini hukupita.

Simamisha lori. Popote lilipo. Usilitoe hata kwenye kivuli.

Barua hii nampa kijana wa bodaboda akukimbilie. Mungu akushike, mwanangu, maana mimi sikufikii.

S.


Masasi, 4 Novemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Kabla ya lolote: niko mzima. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia, hata mbuzi. Korosho zote za chama ziko ghalani hapa Masasi, hakuna gunia lililopasuka. Pumua kwanza, halafu endelea kusoma.

Juzi mlimani breki zilifeli. Nilikuwa nimeshapita kona ya kwanza kutoka juu. Nikakanyaga, kanyagio likaenda chini kama nimekanyaga uji. Shangazi, lori lenye mzigo likianza kukimbia halijui simba wala swala. Mbele yangu walikuwepo akina mama wawili na kuni kichwani. Nilipiga honi huku napiga kelele mwenyewe, wakatupa kuni wakaruka. Nililiona gunia la juu kabisa kwenye kioo, linayumba, nikakuona wewe umekaa juu ya matairi, kama ulivyosema kwenye barua.

Pale kona inapopinda kushoto, watu wa barabara walikuwa wamemwaga lundo la mchanga. Nikalielekeza humo. Likapanda, likazama, likanyamaza. Kioo cha pembeni kimevunjika na bampa limepinda. Basi. Haki ya Mungu, basi.

Nilibaki nimeng'ang'ania usukani. Mama mmoja aliacha kuni zake akaja kunivuta mkono kama anamtoa mtoto mtoni. Kijana wako wa bodaboda akanikuta nimekaa juu ya jiwe. Nikafungua barua: usilitoe hata kwenye kivuli. Nikacheka peke yangu, wale mama wakatazamana.

Aliyesimama kunisaidia ni Bartholomayo. Alikuwa anashuka kwenda Masasi na lori tupu. Hakutaja kobe. Alipanda kwenye Fuso ili aingize gia, lisije likateleza. Akashika gia, akanitazama, akakaa kimya. Nadhani alistaajabu nilivyoliokoa. Tukahamishia magunia kwenye lori lake, na mimi nikabaki na Fuso mchangani, kama ulivyoniamuru.

Jana Mama Ethel alipanda mlima mwenyewe kuja kuliona. Mimi nilitegemea matusi. Akalizunguka lori, akapiga picha, akanishika bega. "Mtani," akasema, "ulitaka kunifanya nilie kabla sijakucheka vya kutosha." Akaniuliza kilichotokea. Nikamwambia breki. Akasema dereva aliyeokoa lori na watu kwa breki mbovu, huyo haonekani mtoto tena, bei yake haina sababu ya kupanda. Breki zikitengenezwa na kukaguliwa, anatukatia.

Hatudai kitu, Shangazi. Lori liko. Mimi niko.

Fortunatus


Mnyambe, 6 Novemba 2024

Mwanangu Fortu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni, Mohamedi akanisubiri, maana alisema sura yangu haikuwa nzuri. Nilipofika kwenye lile lundo la mchanga nikakaa kizingitini nikalia kama mtoto. Kisha nikachinja jogoo, tukala na majirani na Mohamedi akala paja. Kama ungekufa siku ile, ningemwambia nini marehemu kaka yangu? Kwamba mwanao nilimweka kwenye lori lisilo na bima, na kwamba lori limevunjika na yeye pia? Bampa ni bati. Kioo ni kioo.

Nilikuwa nimekukasirikia kwa bima, na bado nimekasirika, utanisikia ukija. Lakini mtu anayeliongoza lori lisilo na breki mpaka mchangani, na akina mama wakaenda zao na kuni zao, huyo ni dereva. Usukani ni wako. Nimemwambia Bartholomayo asante, hatumhitaji. Alinitazama tu, akasema sawa, Mama Vitalis. Yule mzee naye, hajui kupongeza.

Na Alfredi nimemaliza naye. Breki mpya, wiki moja, zinafeli! Jana nilimkuta sokoni Newala nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye si fundi, ni mchimba makaburi. Alitaka kusema, nikamwambia masikio yangu hayasikii. Wenye malori wawili walikuwepo, wamesema hawapeleki tena magari yao kwake. Vizuri. Akalime.

Rudi kwa Mama Ethel, saini ile bima, tuipate hiyo bei nzuri.

Nakupenda,
Shangazi yako


Masasi, 9 Novemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kila nikiisoma inanipandisha cheo na kuninyima usingizi. Kwa hiyo nimefanya mambo mengine kabla ya kukujibu, nikuandikie nikiwa nimeshayafanya, usije ukanisifu tena njiani.

Bima tumepata. Bima kubwa, na imeanza kazi tangu jana saa nne asubuhi. Pumua. Lori limekaguliwa, halina tatizo. Bei iko chini ya mwaka jana, chini hata ya ile aliyokuandikia Mama Ethel. Lakini jina la dereva lililoandikwa si langu, ni la Bartholomayo. Mimi ndiye niliyeomba. Nimemfuata kwake, nikamwambia shikamoo, nikamwambia kwamba wewe, Shangazi, ulimkataa lakini mimi namtaka. Akaniuliza, "Kobe naye anapewa lifti?" Kumbe aliisikia ile habari! Mwenyewe niliisimulia stendi nzima. Nikamwambia kobe akae mbele, mimi nitakaa kushoto nishike chupa ya maji. Amekubali msimu huu na ujao. Mama Ethel anasema nikikaa mwaka mzima nikijifunza, bila kugusa kitu, ataniingiza kama dereva wa pili na bei haitasogea sana. Na kanitoza jogoo mmoja, faini ya utani. Nitamletea yule aliyetaga.

Pili aliniuliza simba yuko wapi. Nimemwambia kalazwa. Miwani nimeiuza, imelipa kioo cha pembeni.

Kabla ya hao wote nilikwenda Newala kwa fundi Alfredi. Gereji yake ilikuwa tupu, kakaa juu ya ndoo, anasugua spana ambayo haikuwa na uchafu. Nikamweleza. Nilijua atanipiga na nilikuwa nimeshavua kofia kabisa. Hakunipiga. Akaniuliza, "Sasa shangazi yako tutamsikilizishaje?" Nikasema kwa barua. Akasema, "Basi andika kwa herufi kubwa." Naandika kwa herufi kubwa, Shangazi, hii barua ukimaliza nenda nayo sokoni, mbele ya watu wale wale, na wale wenye malori wawili. Mimi Jumamosi ijayo nitakuwepo, nitasimama kando yako, na kama sauti itakukauka nitaisoma mimi.

Nimeliacha mpaka mwisho kwa sababu mkono unaniuma kuliandika. Ile siri ya dizeli. Kila nikifika juu ya mlima nilikuwa natoa gia naweka nyutro. Injini inapumzika, lori linaserereka lenyewe na mzigo wake, upepo unapiga usoni, na watu kando ya barabara wanaona Fortunatus anaruka. Dizeli iliyobaki nilikuwa naiuza, ndiyo iliyonunua miwani. Bartholomayo anasema gia ndiyo inayolishikilia lori mteremkoni, breki ni za kusaidia tu. Mimi nikaziachia breki peke yake uzito wote ule, kona baada ya kona, mpaka zikachemka. Ukiweka mkono juu ya sufuria iliyochemka na wewe utaachia. Alipopanda siku ile kuingiza gia aliikuta katikati, haijashika kitu, ndiyo maana alinitazama. Na akanyamaza, siku zote hizi, akinisubiri niseme mwenyewe.

Breki za Alfredi zilikuwa nzima, Shangazi. Gia niliitoa mimi.

Mwanao,
Fortunatus, kiti cha kushoto